UCHAMBUZI: Majitaka ya makazi yetu, nani atalipia hewa?

Tangu mwanzoni mwa 2025 mazungumzo mengi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda yamekuwa juu ya chakula, na ni haki. Mwezi Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Miezi michache baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likawaondoa karibu wakimbizi milioni moja kwenye mgao. Mwezi Juni UNHCR ikatangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani kote. Wakati huo huo Goma ilikuwa imechukuliwa na M23 mwezi Januari, Bukavu mwezi Februari, na ndugu zetu wakaendelea kuvuka mpaka. Watu wameongezeka, fedha zimepungua.

Choo hakikupata nafasi katika mazungumzo hayo. Shimo la choo halipigi kelele, hujaa polepole. Gari la kunyonya vyoo likikosa mafuta kwa mwezi mmoja, hakuna anayeandamana. Madhara huonekana baadaye: kisimani, ziwani, tumboni mwa watoto.

Sehemu ya madhara hayo tunaijua vizuri, yaani kipindupindu na kuhara. Wengi waliotoka Goma wanajua pia ugumu wa kuchimba shimo juu ya mwamba wa volkano. Makala hii inahusu sehemu nyingine ambayo hata watu wa usafi wa mazingira huigusa mara chache wanapokutana na wananchi, nayo ni nitrojeni. Inahusu pia aina ya mtambo ambao hujengwa ili kuiondoa, na kwa nini tunapaswa kuwa waangalifu kabla ya kushangilia mtambo huo ukiahidiwa kwetu.

Nitrojeni inatoka wapi

Maharage, samaki, maziwa, nyama na hata mahindi vina protini, na ndani ya protini kuna nitrojeni. Mwili hutumia kinachohitajika na kutoa kilichobaki. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wa vyoo yanasema mtu mmoja nchini Uganda hutoa takriban kilo 2.5 za nitrojeni kwa mwaka. Kati ya hizo, kilo 2.2 hutoka kwenye mkojo. Tumezoea kuogopa kinyesi, na ni sawa, maana ndicho chenye vijidudu na mayai ya minyoo. Lakini ukizungumzia nitrojeni, unazungumzia mkojo.

Ndani ya shimo mkojo hugeuka kuwa amonia, ile inayochoma macho unapofungua mlango wa choo mchana wa jua kali. Amonia ikizama kwenye udongo wenye hewa, bakteria huigeuza kuwa naitreti. Naitreti haishiki udongo. Maji yakishuka, nayo inashuka. Haina rangi, haina harufu, huwezi kuionja.

Tunaambiwa choo kiwe mita 30 kutoka chanzo cha maji, na sehemu ya chini ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Kanuni hizo ni nzuri, lakini zilitungwa hasa kwa ajili ya vijidudu, ambavyo hufa au hunaswa njiani. Naitreti haifi. Choo kimoja hakitaharibu kisima, lakini mamia ya vyoo juu ya kilima kimoja, mwaka baada ya mwaka, ni jambo jingine. Katika mitaa ya mabondeni ya Kampala kama Bwaise, watafiti wamekuta nitrojeni nyingi katika maji ya ardhini, na vyoo vya shimo ni sehemu ya sababu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa. Anayelengwa zaidi na kikomo hicho ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Naitreti ikizidi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni vizuri na ngozi huanza kuwa ya bluu. Jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua ni kwamba kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yakipungua kwa mvuke, naitreti iliyobaki huwa kali zaidi. Klorini nayo haiigusi. Kwa mtoto huyo, ziwa la mama ni salama kuliko maji yoyote ya kisima yenye shaka.

Mtambo wa Za'atari

Ukitazama picha za kambi ya Za'atari nchini Jordan utaona matangi, mabomba na mashine za kusafisha majitaka, na ni rahisi kuuliza kwa nini wao wanao na sisi hatuna.

Za'atari ilifunguliwa Julai 2012 katika mkoa wa Mafraq, kilomita chache kutoka mpaka wa Syria. Mwaka 2013 ilizidi watu 100,000, kisha kwa miaka mingi ikawa na watu karibu 80,000. Mwanzoni maji yaliingia kwa malori na majitaka yakatoka kwa malori. Gharama ilikuwa kubwa, na hatari ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu Jordan ni miongoni mwa nchi zenye maji machache kabisa duniani na chini ya kambi ile kuna maji ya bonde la Amman-Zarqa ambayo Wajordan wenyewe wanayategemea. Visima vya kambi vinachota kutoka humo humo. Kwa hiyo UNICEF na washirika wake walijenga mtambo ndani ya kambi wenye uwezo wa takriban mita za ujazo 3,600 kwa siku. Sehemu moja hutumia utando mwembamba unaochuja, na nyingine hutumia matangi yenye vipande vigumu ambavyo majitaka huchuruzika juu yake huku bakteria wakiwa wameng'ang'ania pale. Baadaye ukaja mtandao wa mabomba uliounganisha nyumba.

Uamuzi ule ulifaa pale. Ardhi ni jangwa, watu hawana mashamba, maji ya ardhini ni machache na yanachangiwa na wenyeji. Nitrojeni ilihitaji kuzuiwa isifike chini. Swali ni kama sababu hizo zipo pia Nakivale, Kyangwali au Rwamwanja.

Hewa inawashwa, hewa inazimwa

Ili kujibu, lazima tuelewe mtambo wa namna hii unafanya nini hasa. Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1914 wahandisi wawili wa Manchester, Edward Ardern na William Lockett, walieleza jinsi walivyopuliza hewa ndani ya majitaka na kuhifadhi lile tope lililojaa bakteria ili lifanye kazi tena na tena. Hadi leo miji mingi duniani hutumia njia hiyo.

Kuondoa nitrojeni ni hatua ya pili, na ina utata wake. Kundi la kwanza la bakteria linahitaji oksijeni. Hao huchukua amonia na kuigeuza kuwa naitriti, kisha wenzao huifanya naitreti. Tukiishia hapo tumebadilisha jina tu, maana nitrojeni yote bado imo majini. Ndipo linakuja kundi la pili, ambalo hufanya kazi pale oksijeni inapokosekana. Bakteria hawa, wakinyimwa hewa, huvuta oksijeni iliyo ndani ya naitreti na kuacha nitrojeni tupu, ambayo hutoka kama mapovu na kurudi angani. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, kwa hiyo mapovu hayo hayamdhuru mtu.

Tatizo ni kwamba kundi moja linataka hewa na jingine halitaki. Baadhi ya mitambo huwatenganisha kwa matangi mawili. Mingine hutumia tangi moja na kuwasha hewa kwa muda, kisha kuizima, kisha kuiwasha tena. Vipimo vilivyozamishwa majini husoma kiasi cha oksijeni na amonia, na mashine hupuliza kwa kadiri inayohitajika. Ukipuliza hewa nyingi mno, naitreti inabaki na umeme unapotea. Ukipuliza kidogo mno, amonia inabaki, na amonia huua samaki. Ukiyumba kati ya hali hizo mbili bila mpango, bakteria hutoa gesi ya oksidi ya nitrojeni ambayo hupasha joto dunia zaidi ya mara 250 kuliko hewa ya ukaa, kilo kwa kilo.

Bakteria wanaogeuza amonia hukua polepole. Wale wa kawaida huongezeka maradufu kwa saa chache, hawa huchukua siku nzima au zaidi. Wakifa, mtambo unaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Na wanaweza kufa kwa sababu tunazozijua sana sisi: umeme kukatika kwa siku kadhaa, au klorini nyingi kumwagwa kwenye mfereji wa kituo cha afya wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Klorini haichagui. Inaua kijidudu cha kipindupindu na inaua mfanyakazi wa mtambo pia.

Joto la kwetu ni msaada. Ulaya mitambo hii husumbuliwa na baridi ya majira ya kipupwe, lakini bakteria hawa wangekuwa na raha katika majitaka ya Isingiro. Hata hivyo tuna shida mbili ambazo miji ya Ulaya haina.

Ya kwanza ni ukali wa majitaka yetu. Kiwango ambacho UNHCR hulenga ni lita 20 za maji kwa mtu kwa siku, na si kila eneo hufikia. Mtu akitoa karibu gramu 7 za nitrojeni kwa siku ndani ya lita 20, unapata karibu miligramu 350 kwa lita. Majitaka ya kawaida ya mjini huwa na miligramu 40 hadi 60, kwa sababu watu wanaoga na kufua kwa maji mengi. Tope la vyoo vya umma huwa kali zaidi, likiwa na maelfu ya miligramu za amonia kwa lita. Mchoro wa mtambo ulionunuliwa kwa ajili ya mji hauwezi kuletwa hapa ukafanya kazi hivi hivi.

Ya pili ni chakula cha lile kundi la bakteria wasiotaka hewa. Wanahitaji kaboni, yaani uchafu mbichi wa kula. Tope lililokaa shimoni miaka miwili limeshaliwa. Amonia imejaa lakini kaboni imepungua, kwa hiyo kazi inaishia nusu. Mitambo mingine duniani hununua pombe ya methanoli au sukari kuwalisha bakteria. Fikiria kikao cha bajeti ambapo mtu anaomba fedha za kununua chakula cha bakteria katika mwezi ambao mgao wa watu umekatwa.

Ipo njia mpya zaidi, ya bakteria wanaounganisha amonia na naitriti moja kwa moja bila kuhitaji kaboni. Mtambo mkubwa wa kwanza wa namna hiyo ulianza Rotterdam mwaka 2002, na unapunguza sana hewa inayohitajika. Kwa tope kali kama letu inavutia kwenye karatasi. Lakini bakteria hao huchukua hata zaidi ya siku 10 kuongezeka maradufu, na wanataka uangalizi wa karibu kila siku. Sioni nani atawaangalia hapa kwa sasa.

Hesabu

Chukua makazi ya watu 100,000, kwa mfano. Nakivale ina zaidi ya hao. Kilo 2.5 kwa kila mtu ni kilo 250,000 kwa mwaka, au karibu kilo 685 kwa siku. Kila kilo ya nitrojeni inahitaji takriban kilo 4.6 za oksijeni ili igeuke kutoka amonia kuwa naitreti. Hizo ni zaidi ya kilo 3,000 za oksijeni kila siku. Mashine ya kawaida ya kupuliza ikiingiza kilo 1.5 za oksijeni kwa kila uniti moja ya umeme, utahitaji karibu uniti 2,000 kwa siku. Kwa jenereta ya dizeli hizo ni karibu lita 700 kila siku. Hapo hatujahesabu pampu, wala hewa ya kusafisha uchafu mwingine. Hatua ya pili hurudisha sehemu ya oksijeni hiyo kama kaboni ipo, lakini tumeshaona kaboni ni shida.

Hakuna atakayekusanya mkojo wote wa watu 100,000 waliotawanyika juu ya vilima bila mabomba, kwa hiyo hesabu hii ni ya kuonyesha ukubwa tu. Iangalie kutoka upande wa pili sasa. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni. Kilo 685 ni karibu mifuko 30. Kwa maneno mengine, mtambo uliofanya kazi yake kikamilifu ungechoma dizeli ili kurusha angani mifuko 30 ya mbolea kila siku, katika wilaya ambayo mkimbizi na mwenyeji wote wanahangaikia mbolea dukani. Na kiwanda kilichotengeneza urea ile kilitumia gesi na umeme mwingi kuitoa nitrojeni hiyo hiyo hewani.

Hapo ndipo Uganda inapotofautiana na Jordan. Familia nyingi hapa zilipewa kipande cha ardhi. Kimekuwa kidogo kadiri watu wanavyoongezeka, na kwa waliofika karibuni ni kidogo zaidi, lakini udongo upo na unachoka.

Wengine walifanya nini

Tusidhani kuna njia mbili tu, shimo au mtambo wa hewa. Huko Cox's Bazar, Bangladesh, Warohingya zaidi ya 700,000 waliingia kuanzia Agosti 2017 na kubanana kwenye vilima. Mwaka 2019 Oxfam na UNHCR walizindua pale mahali pa kusafishia tope la vyoo vya watu wapatao 150,000, mita za ujazo 40 kwa siku. Walitumia mabwawa na vitanda vya mimea, na ulikuwa mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake katika kambi ya wakimbizi wakati huo. Mabwawa na mimea huondoa nitrojeni kwa kiasi, bila uhakika wa mtambo wa hewa. Lakini umeme ukikatika, bwawa halijui.

Kampala yenyewe, pale Lubigi, ilifungua mwaka 2014 kituo cha mabwawa na vitanda vya kukaushia tope. Kinapokea hadi mita za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku, mbali na majitaka ya mabomba. Kama shirika la taifa la maji, lenye wahandisi na wateja wanaolipa, lilichagua mabwawa kwa ajili ya tope la mji mkuu, mtu anayetuahidi mashine za kupuliza hewa katika makazi anapaswa kutueleza kwa nini.

Kurudisha shambani

Njia ninayoona inastahili kusukumwa zaidi ni kutenga mkojo na kuurudisha shambani, pale inapowezekana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2006 inaruhusu familia kutumia mkojo wake kwenye shamba lake bila kuuhifadhi kwanza, mradi uwekwe udongoni mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuvuna. Ukikusanywa kutoka nyumba nyingi, uwekwe kwenye chombo kilichofungwa kwa miezi 6 katika joto la nyuzi 20 au zaidi, na baada ya hapo unafaa kwa mazao yote. Kinyesi ni habari nyingine. Katika joto letu kinahitaji zaidi ya mwaka mzima, kikiwa kikavu, na mayai ya minyoo ndiyo ya mwisho kufa.

Anayetaka kujaribu achimbe kifereji kando ya mstari wa mahindi au kuzunguka mgomba, amwage mkojo uliochanganywa na maji, afukie papo hapo. Ukiachwa wazi, amonia hurukia hewani na kinachobaki ni harufu. Usimwagie majani. Maharage hayana haja nao sana, maana yanajitengenezea nitrojeni kwenye mizizi.

Kuna mipaka. Mkojo wa mtu mmoja kwa mwaka unatosha takriban mita za mraba 300 hadi 400 za mahindi. Familia ya watu watano kwenye kiwanja cha mita 30 kwa 30 ina mkojo mwingi kuliko mahindi yake yanavyohitaji, na kinachozidi kitashuka kuwa naitreti ile ile tuliyokuwa tunaikimbia. Migomba itakula zaidi. Mkojo una chumvi pia, na Isingiro ni sehemu kavu, kwa hiyo kumwaga mahali pamoja kila mwaka kutaharibu udongo. Na wapo waliofika mwaka jana ambao hawana shamba kabisa. Kwao ushauri huu hauna maana.

Kuna pia aibu na imani. Mama anayeuza mahindi sokoni hataki yaitwe mahindi ya mkojo. Kwa majirani zetu Waislamu lipo swali la najisi, na swali hilo waulizwe masheikh wenyewe, asilijibu afisa wa mradi. Miradi ya vyoo vya kutenga mkojo imewahi kushindwa mahali pengi kwa sababu watu walipewa choo kabla ya kuulizwa.

Mahali hewa inapofaa

Sisemi mtambo wa hewa hauna nafasi. Kituo kikubwa cha afya chenye vyoo vya maji, kituo cha kupokelea wageni ambapo maelfu hulala pamoja, au sehemu ambayo majitaka yanateremkia ziwani: hapo nitrojeni imekusanyika mahali pamoja, na hakuna shamba la kuipokea. Ziwa Nakivale ni mfano. Maji yake husafishwa na kunywewa na wakazi, samaki wake huvuliwa, na tangu 2006 ni sehemu ya eneo la ardhi oevu la Mburo-Nakivali linalotambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Nitrojeni na fosforasi zikizidi ziwani, mwani huongezeka, na kila mwani unavyoongezeka ndivyo kusafisha maji ya kunywa kunavyohitaji dawa zaidi.

Katika sehemu kama hizo kuna jambo moja linalotusaidia. Kwa kuwa kazi yenyewe inataka hewa iwashwe na kuzimwa, paneli za jua zinaweza kuendana nayo kuliko zinavyoendana na jokofu la chanjo. Mchana jua linapuliza, usiku bakteria wasiotaka hewa wanapata zamu yao. Litahitajika tangi la kuhifadhi majitaka ya usiku, na fundi anayejua kusafisha matundu ya hewa yakiziba. Litahitajika pia katazo kali la kumwaga klorini kwenye mfereji unaoingia mtamboni, na choo tofauti kwa wagonjwa wa mlipuko.

Ila fundi huyo analipwa na nani? Serikali ya Uganda imekuwa ikikabidhi miradi ya maji ya makazi kwa mashirika ya umma, yaani NWSC na mamlaka za Umbrella za mikoa. Maji yana mita na yana bei, hata kama bei yenyewe inabishaniwa. Tope la choo halina mita. Aliyejaza shimo hawezi kulipia kulinyonya, na shirika lililokuwa likilipia linafunga ofisi. Mtambo ukijengwa kwa fedha za mradi wa miaka miwili, mwaka wa tatu una bili ya umeme na hauna mwenyewe. Mashine ya kupuliza hewa iliyosimama hugeuza tangi kuwa shimo kubwa la choo lenye uzio.

Kwa hiyo ukiwa kwenye mkutano na mwenyekiti wa RWC, watu wa OPM na shirika linaloleta mchoro mzuri, usianze na swali la mtambo una ukubwa gani. Uliza uniti ngapi za umeme kwa siku na nani amesaini kulipia mwaka wa tatu. Uliza vipuri vinatoka wapi. Uliza kama walipima tope letu au walichukua namba za mji mwingine, na tope linalobaki baada ya kusafishwa litakwenda kwa nani.

Kuna na swali la sasa hivi ambalo halisubiri mradi wowote. Visima na mabomba hupimwa vijidudu na klorini mara kwa mara, lakini majibu ya naitreti, yanapokuwepo, hayabandikwi penye watu wanaochota. Kipimo cha vijikaratasi ni cha bei nafuu na kinachukua dakika chache. Kisima kilichozungukwa na vyoo vingi kipimwe mara mbili: mwisho wa kiangazi, na tena wiki chache baada ya mvua kuanza, kwa sababu mvua za kwanza ndizo zinazosukuma chini naitreti iliyojikusanya udongoni miezi yote ya ukame. Jibu liandikwe kwa namba kwenye ubao wa kisima, kando ya kikomo cha 50.